Nyumba ya wageni wa siku mbili tatu hapa L'shi (Lubumbashi): mimi ni mwenye kupangisha ao nina hoteli?

#1 MamaWaGolf
Jambo yenu wote. Nina nyumba ndogo nyuma ya nyumba yetu, lupangu (kiwanja) moja, hapa mtaa wa Golf. Vyumba viwili, saloni, bafu na jiko lake. Marehemu mume wangu aliijenga kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe alipofariki ikabaki tupu, na mwaka jana binti yangu aliye Brussels akasema, mama, tuiweke Airbnb. Wageni wa kwanza walikuwa wahandisi wawili waliokuja kwa Mining Week, mkutano wa migodi, mwezi wa sita, wakalala usiku tano. Baadaye familia kutoka Kolwezi waliokuja kwa harusi, na wengine wengi. Sasa napata kama usiku kumi kwa mwezi, dola 60 kwa usiku.

Wiki iliyopita akaja ajenti mmoja na karatasi. Ofisi yake siitaji. Akaniambia: «Mama, una hoteli bila lisansi.» Siku mbili baadaye akaja mwingine wa ofisi nyingine kabisa. Huyo anasema mambo ya hoteli si kweli, nyumba inapangishwa, kwa hiyo nalipa kodi ya pango asilimia 22 ya kila nilichopokea. Wote wawili wanadai mwaka mzima, na hakuna aliyetaka kuniandikia sheria anayoisimamia.

Sikatai kulipa. Mume wangu alikuwa mtumishi wa Leta (serikali) maisha yake yote, nyumba yetu haijawahi kukwepa. Ninataka kujua nalipa nini, kwa nani, na nipate kitansi (risiti) cha kweli. Aliyepitia haya anisaidie.

#2 Kijana_BelAir
Pole mama. Kabla ya yote: usitoe hata faranga mkononi mwa mtu. Kodi halali inakuja na noti ya kulipia, unaipeleka benki, unarudi na uthibitisho wa benki. Anayetaka umpe makuta (pesa) mlangoni, mwambie arudi na noti.

#3 Mhasibu_Kampemba
Jambo mama. Nimefanya vitabu vya wenye nyumba hapa mjini miaka kumi na moja.

Huyo wa asilimia 22 hajaitunga. Hiyo ni IRL, kodi ya mapato ya pango, na mizizi yake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969 juu ya kodi za mapato. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, iliiweka mikononi mwa majimbo, pamoja na kodi ya ardhi na majengo na ile ya magari. Ndiyo maana hapa kwetu inapokelewa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga, si DGI, ofisi ya kodi ya taifa. Kama aliyekuja ni wa DGI na anadai IRL, hapo kuna neno.

Inavyofanya kazi kawaida: kampuni inapangisha nyumba yako dola 1,500 kwa mwezi. Inakata asilimia 20, yaani 300, inakupa 1,200, na zile 300 inazifikisha kwa jimbo ndani ya siku kumi za mwezi unaofuata. Asilimia 2 iliyobaki, dola 30 kwa kila mwezi, unaitangaza na kuilipa mwenyewe, mwisho tarehe 1 Februari. Sasa mgeni wako wa usiku tatu hakati kitu, anakulipa yote. Basi mzigo wote wa 22 unakuwa juu yako.

Na hesabu inafanywa juu ya pato lote. Mafuta ya jenereta, mfuaji wa shuka, mshahara wa zamu (mlinzi), havitolewi.

#4 Ndugu_Brussels
Mhasibu, asante. Mimi nina nyumba Kiwele, naisimamia kutoka huku Ubelgiji kwa simu, na malipo yanaingia kwenye konti yangu ya huku. Nilivyoelewa, mimi si mkaaji wa Kongo, pesa haipiti Kongo, kwa hiyo IRL hainihusu. Niko sahihi?

#5 Mhasibu_Kampemba
Hapana ndugu, hapo umekosea, na wengi wa huko nje wanakosea pamoja nawe. Sheria inaangalia jengo liko wapi. Nyumba iko Kongo, pato linatozwa Kongo, hata mwenyewe akikaa Brussels, Johannesburg ao Guangzhou. Konti ya benki haibadili kitu.

#6 Wakili_Makomeno
Nampinga Mhasibu (#3) kwa heshima. Tarehe amesema sawa, kifungu cha katiba ni chenyewe, ila anafungua mlango usio wake.

Pango ni nini? Tunayo sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya mikataba ya pango isiyo ya kibiashara. Inataka mkataba wa maandishi, upelekwe kwa utawala wa mahali ugongwe muhuri, na garanti (amana ya mpangaji) ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Niambieni, nani hapa amewahi kuandika mkataba na mgeni wa usiku mbili akaupeleka komine? Nani amemdai garanti ya miezi mitatu?

Mama anauza usiku. Usiku wenye shuka safi, sabuni, intaneti, maji ya moto, mtu wa kufagia. Hiyo ni biashara ya kulaza wageni. Njia yake ni Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, upate RCCM (usajili wa biashara) na namba ya kodi, halafu lisansi ya wizara ya utalii, na hapo utakutana na FPT, Mfuko wa Kukuza Utalii, kama hoteli zote. Ajenti wa kwanza alikuja na adabu mbaya lakini hoja yake ina miguu.

#7 Kijana_BelAir
Na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 pia? Tangu 2010 kila biashara inalipa TVA.

#8 BintiKalubwe
Kijana, mambo mawili. Sheria ya TVA ni ya tarehe 20 Agosti 2010, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Na si kila biashara: unaingia TVA ukifikisha mauzo ya faranga milioni 80 kwa mwaka. Mama wa usiku kumi kwa mwezi hafiki hata nusu.

#9 Kijana_BelAir
Nimekubali. Aksanti.

#10 BintiKalubwe
Nimekaa na karatasi hapa, maana maneno ya #3 na #6 yanaonekana kama ugomvi wa majina tu, kumbe ni ugomvi wa pesa nyingi.

Mama anasema dola 60, usiku kumi, miezi kumi na miwili. Hizo ni dola 7,200 kwa mwaka. Tuseme dola moja ni faranga 2,800 ili hesabu iende: tunapata faranga milioni 20 na laki moja na elfu 60.

Kwa njia ya Mhasibu, IRL ya 22 juu ya pato lote: dola 1,584.

Kwa njia ya Wakili, mama ni biashara ndogo. Sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliziweka biashara zenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 80 kwenye asilimia 1 kwa wanaouza bidhaa na asilimia 2 kwa wanaotoa huduma. Kulaza mgeni ni huduma. Asilimia 2 ya hiyo milioni 20 ni faranga 403,200. Dola 144.

Nyumba ileile, shuka zilezile, wageni walewale. 144 ao 1,584. Ndiyo maana kila ofisi inakuita kwa jina lake.

#11 Fundi_Ruashi
Binti, hii hesabu niliisoma mara tatu! Mama, kuanzia leo wewe ni hoteli, weka kibao barabarani 😂

#12 Mhasibu_Kampemba
Msikimbilie kibao. Binti amehesabu vizuri, lakini amehesabu kodi moja tu upande wa biashara. Ukishakuwa hoteli kwenye karatasi, wanaogonga mlango wanaongezeka: utalii na lisansi yake, FPT, usafi wa komine, SOCODA (haki za watunzi) kwa ajili ya televisheni na muziki unaowekea wageni, CNSS (hifadhi ya jamii) kwa zamu na mfanyakazi wa ndani. Zijumlishe zote halafu turudi kwenye 144.

Na Wakili, ile sheria ya 2015 inaongoza uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji. Sheria ya kodi ni nyingine. Ya 1969 inasema mapato ya kupangisha majengo, haihesabu usiku. Hata faida ya mtu aliyepanga nyumba kisha akaipangisha tena kwa mwingine, yote ao chumba kimoja, imo ndani. Nionyeshe palipoandikwa kwamba chini ya mwezi mmoja si pango.

#13 Wakili_Makomeno
Na wewe nionyeshe palipoandikwa kwamba hoteli ya Karavia inalipa IRL kwa kila chumba. Ina vyumba, ina wageni wa usiku mbili, inapokea makuta. Kama kupangisha ni kupangisha bila kujali usiku, basi hoteli zote za mji huu zinapangisha.

#14 Mhasibu_Kampemba
Hoteli ni shirika, ina RCCM, imejitangaza. Mama hana. Anayejitangaza kuwa biashara anatozwa kama biashara. Asiyejitangaza anabaki mwenye nyumba mwenye mpangaji. Mimi ndivyo nilivyoona inavyofanyika.

#15 Wakili_Makomeno
Kwa hiyo umekubali kwamba karatasi ya Guichet Unique ndiyo inayobadili kodi. Asante, hilo tu nilitaka.

#16 Mhasibu_Kampemba
Nimesema ninavyoona inafanyika. Sijasema ndivyo sheria ilivyo. Tofauti hiyo wewe wakili ndiye wa kuilinda.

#17 Zamu_wa_Zamani
Jambo ba mukubwa. Miye nilikuwaka zamu miaka tatu ku lupangu moya ya bageni ba siku mbili siku tatu. Shida yenye ilitusumbuaka haikuwa kodi. Ilikuwa bageni ba inje. Musungu analala, asubui bantu ba Leta banakuya kuuliza: huyu ni nani, pasipoti yake iko wapi, fishi yake iko wapi. Hoteli inajazishaka fishi (fomu) kila mugeni na DGM, bantu ba uhamiaji, inazipitia. Shiye hatukukuwa na fishi. Siku moya usiku bananiita miye zamu nieleze, na patron iko Kinshasa. Mama, nunua kaye (daftari) kubwa: jina, namba ya pasipoti, anatoka wapi, anaenda wapi, saini. Ni kitu kidogo lakini inakulinda.

#18 MamaWaGolf
Mwanangu Zamu, Mungu akubariki, hilo sikulifikiria hata kidogo. Kaye nitainunua leo. Wahandisi wale walikuwa Waafrika Kusini na sikuandika hata majina yao kamili.

#19 Ndugu_Brussels
Nakuongezea hapo. Wageni wengine wa nje wanahitaji mwaliko ili wapate viza, ile barua ya kuchukua mzigo wa mgeni iliyothibitishwa na notera. Mmoja aliniomba nimwandikie kama mwenyeji wake. Nilikataa. Nikiisaini barua ile nimejibebesha mtu nisiyemjua kwa jambo lolote atakalolifanya Kongo, kwa ajili ya dola 180. Mama, kulaza ni kulaza. Barua aandike yule anayemwita kikazi.

#20 Mama_Kenya_Commune
Nasoma hapa tangu asubuhi, na kuna kitu hamkisemi. Mimi ni mpangaji, miaka sita nyumba moja. Mwezi wa tatu mwenye nyumba ameniambia nitoke, anataka kutia rangi na vitanda vipya na kuweka wageni wa mtandaoni. Alikuwa akinitoza dola 200 kwa mwezi, ameambiwa na komisionere (dalali) kwamba usiku nne tu zitampa zaidi ya hapo. Watoto wangu wanasoma karibu hapa. Nitaenda wapi? Nyumba ninayoionyeshwa sasa wanataka garanti ya miezi sita, nikitaja sheria ya miezi mitatu komisionere anacheka.

Wakili, wewe uliyeitaja sheria ya 2015, je, sisi inatulinda, ao ni ya kushindania hoja tu?

#21 Wakili_Makomeno
Mama, swali lako ni zito kuliko yote yaliyotangulia na nakuomba radhi kwamba hatukulianza. Inakulinda. Miezi mitatu ni kikomo kwa nyumba ya kukaa. Miezi sita ni kwa shughuli za kijamii na utamaduni, usikubali wakuchanganyie. Na hawezi kukuambia utoke kesho: anapaswa kukupa ilani kwa maandishi. Kama mkataba wako uligongwa muhuri komine, uuchukue pamoja na kitansi zote za miaka sita, uende kwenye huduma ya makazi ya komine kabla hujatoa hata kiti kimoja. Kama hauna muhuri, kitansi bado ni ushahidi. Niandikie ujumbe wa faragha, nitaisoma karatasi yako bure.

#22 Fundi_Ruashi
Nafuta kicheko changu cha #11. Pole sana mama.

#23 Ndugu_Brussels
Hili la #20 ndilo lililofanya miji ya huku ifunge milango. Huko New York, tangu tarehe 5 Septemba 2023, ukitaka kulaza wageni chini ya siku 30 lazima ujiandikishe kwa mji, uwe unaishi humohumo ndani wakati mgeni yupo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona walitangaza 2024 kwamba leseni zote za nyumba za watalii, zaidi ya elfu kumi, hazitarudiwa zitakapokwisha Novemba 2028. Paris walikuwa na kikomo cha usiku 120 kwa mwaka kwa nyumba unayoishi, sheria ya Novemba 2024 ikaruhusu miji ishuke mpaka 90, na Paris ikashuka.

Sisi L'shi hatuna kikomo cha usiku wala daftari. Tuna maajenti wawili na karatasi mbili.

#24 Kivu_Yetu
Nawasalimu kutoka Bukavu. Huku kwetu mambo ya wageni yamepungua kwa sababu mnazozijua, mtuombee. Nimeingia tu kusema kwamba jirani zetu Rwanda waliweka ushuru wa utalii wa asilimia 3 juu ya malazi kuanzia Julai 2025. Namba moja, mgeni anailipa juu ya bei ya chumba, mwenye nyumba anaifikisha. Siwasifu kwa mengine. Nasema tu kwamba mama wa Golf angepewa namba moja asingekuwa hapa anauliza.

#25 BintiKalubwe
Kivu_Yetu, kweli, lakini hiyo 3 ni ya utalii tu, kodi ya mapato inabaki palepale. Tusimpe mama matumaini kwamba kuna nchi ambako unalipa 3 unalala.

#26 Muzee_Kamalondo
Vijana, nyumba za kulaza wapita njia hazikuanza na simu. Mji huu umeanza 1910 na umejengwa na wapita njia. Union Minière ilikuwa na nyumba za kupokea wageni wake, Gécamines ikazirithi, mapadre walikuwa na prokire, nyumba yao ya wageni, ambako mtu wa Kasenga ao Mitwaba angelala kwa bei ndogo na kula bukari (ugali) ya moto. Mama yangu mwenyewe, hapa Kamalondo, alikuwa akiwalaza wachuuzi wa samaki wa Luapula kwenye kibanda cha nyuma. Walimlipa samaki. Hakuna aliyemwita hoteli.

Kwa hiyo mimi nina maelezo yangu: mtu anayemkaribisha mgeni ndani ya lupangu analolala yeye mwenyewe ni jambo moja. Mtu mwenye nyumba tano, hakai hata moja, anakaa na simu akibadilisha wageni kama soksi, ni jambo jingine. Leta ikishindwa kuwatofautisha hao wawili, itamkamata wa kwanza kwa sababu yeye ndiye aliye nyumbani.

#27 Kijana_BelAir
Muzee, na siku ya Mazembe na Lupopo kibanda cha nyuma kilikuwa shilingi ngapi? Maana siku hizi Kamalondo derbi ikikaribia hata kochi linapangishwa.

#28 Muzee_Kamalondo
Mshabiki wa Lupopo alilala bure, kwa huruma.

#29 Fundi_Ruashi
Muzee! Sisi wa Lupopo tuko humu tunasoma!! Rudini kwenye kodi kabla sijaleta rekodi za mechi.

#30 Likasi_Mhandisi
Nirudishe kwenye mada. Muzee amesema jambo zuri lakini naliona hatari. «Ndani ya lupangu lako» haimo kwenye sheria yoyote kati ya hizi zilizotajwa. Nilijaribu hoja hiyo mwenyewe, nina chumba kimoja Likasi kwa wageni wa migodi, mlango wake peke yake, na mimi ninalala upande wa pili wa ukuta. Ajenti akaniambia ukuta ni ukuta. Nililipa IRL. Lakini sikulipa hivihivi: nilitangaza kila mwezi wenye mgeni na kila mwezi usio na mgeni, kwa maandishi, na nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Mwaka uliofuata mwingine alipokuja na hesabu ya miezi kumi na miwili iliyojaa, nilimwonyesha miezi saba mitupu. Akaondoka.

Mama, kama ajenti wako anadai «mwaka mzima», anahesabu usiku ngapi? Usiku kumi ulizopata ao thelathini anazodhani? Binti yako achapishe orodha ya malipo kutoka kwenye programu. Hiyo ndiyo silaha.

#31 Mhasibu_Kampemba
Likasi amesema neno la dhahabu. Nawaona wengi wanaotozwa kwa kukadiriwa kwa sababu hawana hata daftari. Na kitu kimoja nilikisahau #3: 22 ni kiwango cha sheria ya taifa, lakini kodi ikiwa ya jimbo, jimbo linaweza kukigusa kwa edikti (sheria ya jimbo) yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa mwaka wowote, omba edikti ya mwaka huo, usome kiwango na faini kwa macho yako.

#32 Ndugu_Brussels
Mhasibu, swali gumu kidogo. Mgeni analipa dola 100, jukwaa linakata ada yake, kwangu inafika 97. Natangaza 100 ao 97?

#33 Mhasibu_Kampemba
Ukinishika shati ninasema 100, kwa sababu ni pato lote. Lakini nimewaona waliotangaza 97 na wakapokelewa.

#34 Wakili_Makomeno
Ni 97. Ada ya jukwaa haijawahi kuingia mikononi mwake.

#35 BintiKalubwe
Na ile ada ambayo jukwaa linamtoza mgeni juu ya bei, hiyo hata haionekani kwenye orodha ya mwenye nyumba. Kwa hiyo 100 yenyewe si bei aliyolipa mgeni. Mnagombania namba tatu, si mbili.

#36 Komisionere_Mwaminifu
Mimi ni komisionere na sikufurahishwa na tulivyochorwa kwenye #20, ingawa najua wapo wa hivyo. Nina wenye nyumba watatu waliohama kutoka pango la mwezi kwenda wageni wa siku, na wawili wamerudi kwa mpangaji wa mwezi. Sababu ni umeme. Umeme ukikatika siku mbili, mgeni anataka pesa yake irudi, anaandika vibaya, jenereta inakunywa dola 25 kwa siku. Mmoja alihesabu mwaka wake: baada ya mafuta, maji, mfuaji na kodi, alibaki na kidogo kuliko pango la familia moja tulivu. Mama Kenya, mwambie mwenye nyumba wako aje azungumze nami kabla hajanunua vitanda.

#37 Mama_Kenya_Commune
Aksanti. Nitamwambia. Na Wakili nimekuandikia.

#38 MamaWaGolf
Wapendwa, nimerudi. Jana nilitoka saa mbili asubuhi na binti ya dada yangu, tukiwa na kaye, orodha ya malipo ya mwaka (tuliichapisha kurasa nne, jumla usiku 113, si 365), na hesabu ya BintiKalubwe niliyoinakili kwa mkono.

Ofisi ya kwanza, dirisha la kwanza: «Mama, hii ni pango.» Nikamwonyesha hoja ya mkataba na muhuri wa komine. Akanipeleka dirisha la pili. Dirisha la pili: «Hii si yetu, hii ni biashara.» Nikawaomba wote wawili waniandikie. Hakuna aliyeandika. Nikakaa kwenye benchi, nikasema sitoki bila karatasi. Saa nane akatoka mama mmoja mkubwa wao, akasoma kurasa zote nne polepole, akauliza kama ninalala lupangu lilelile. Nikamwambia ndiyo, na maiti ya mume wangu ilitokea mlango ule ule. Akaniambia niandike barua ya kuomba ufafanuzi, nakala tatu, aipokee yeye kwa muhuri, na kwamba wakati barua inasubiri jibu mtu asije tena kwangu na karatasi nyingine.

Barua imepokelewa, muhuri ninao. Jibu bado. Kwa sasa nimeweka pembeni asilimia 22 ya kila mgeni kwenye bahasha kabatini, ikitoka kuwa 2 nitashukuru, ikibaki 22 nitakuwa nayo. Wahandisi wameandika tena, wanakuja mwezi wa sita, na safari hii wataandika majina yao kwenye kaye ya Zamu.

#39 Likasi_Mhandisi
Mama, hongera. Hiyo barua, tafadhali, unaweza kutuwekea hapa bila jina lako? Tuko wengi tunaohitaji maneno yake.

#40 Wakili_Makomeno
Naungana. Na kama umetaja sheria ya 1969 peke yake bila ile ya 2013, usiogope, unaweza kuongeza barua ya pili.

#41 MamaWaGolf
Nimetaja zote mbili, na ya 2015 pia. Binti ya dada yangu ataipiga picha Jumamosi akija, atafunika jina, tutaiweka.

#42 Fundi_Ruashi
Jumamosi niko hapa. Mimi nina vyumba viwili Ruashi na kitanda kimoja tu, lakini barua naitaka.